Maktaba sanifu ya Python: msimbo wake umepangwaje?

Habari zenu. Leo tunafungua maktaba sanifu ya Python, yaani moduli (vipande vya msimbo) zinazokuja pamoja na Python yenyewe, tuone ndani kuna nini. Hatuandiki programu yoyote. Ni kusoma tu.

Fungua teminali, washa Python. Andika import bisect (moduli ya kutafuta nafasi ndani ya orodha iliyopangwa), kisha bisect.__file__, ubonyeze Enter. Umeiona njia ya faili? Basi msimbo huo unao tayari kwenye kompyuta yako. Jaribu vivyo hivyo kwa sys. Hapo utapewa kosa, kwa sababu sys imejengwa ndani ya Python yenyewe, haina faili yake pembeni.

Kwa hizo za ndani, nenda GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kwenye python/cpython, hazina ya msimbo wa Python. Chagua kwanza tagi (alama) ya toleo unalotumia, maana tawi la main, msimbo unaoendelea kuandikwa, lina mambo ya toleo ambalo halijatoka bado. Folda ni nyingi, ila shika hizi. Lib ina moduli zilizoandikwa kwa Python. Modules ina zile zilizoandikwa kwa lugha ya C. Majina hayo yanapoteza watu, na kusema kweli sioni kwa nini yasipoteze. Objects ina aina za msingi, kama list ndani ya listobject.c. Ukitafuta len au print, ingia folda ya Python, faili ya bltinmodule.c.

Sasa fungua Lib/bisect.py. Ndani ya bisect_right tazama mstari huu: mid = (lo + hi) // 2. Kila mzunguko, sehemu inayotafutwa inakatwa katikati. Safi. Shuka sasa hadi karibu na mwisho. Unaona try, na chini yake from _bisect import *? Mstari huo unafunika yote uliyosoma hapo juu kwa msimbo wa C ulioko Modules/_bisectmodule.c. Ule wa C usipokuwepo, kosa linapuuzwa na wa Python unabaki kazini. Kwa hiyo ukihariri bisect_right halafu usione mabadiliko yoyote, mchawi ni huyo. Hata heapq, moduli nyingine ya maktaba hii, ina mtindo huu.

Fungua pia Lib/test/test_bisect.py. Kuna TestBisectPython na TestBisectC: majaribio ni yaleyale, yanaendeshwa mara mbili. Panda juu ya faili utafute blocked=['_bisect']. Hapo msimbo wa C unazuiwa makusudi, ili ule wa Python nao upimwe.