Roboti Haijaninyang'anya Kazi, Karatasi Ndiyo Iliyoninyima

Mambo vipi ndugu zangu, karibuni tena. Leo sipiki wala sizunguki mjini, nakaa hapa hapa jikoni kwangu tuongee. Nimechoka. Kila video nikipandisha, hata ile ya theluji, nikishuka kwenye komenti namkuta mtu: "Kaka, tunasikia viwanda vya huko Ujerumani siku hizi ni roboti na intaneti tupu, kazi zimebaki kweli? Tuje au tutulie?" Wiki iliyopita nimepika maharage ya nazi, nimehangaika kuitafuta nazi mji mzima, watu ishirini na saba wameniuliza habari za roboti. Maharage jamani!

Na mnaniweka pabaya. Nikisema kazi zipo, najisifu. Nikisema pagumu, "huyu keshakula, sasa anafunga mlango." Shemeji yangu mwenyewe kaniandikia hayo maneno, hadharani, na nauli ya Tanga ya Idi ile alikuwa kaomba kwa nani? Tuyaache. Najibu leo mara moja, atakayeuliza tena namrushia hii.

Mimi siyo mhandisi, wala siyo mtu wa kompyuta. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kiwanda cha vifuniko vya plastiki huku Bavaria, Ujerumani, siyo mbali na Nürnberg. Kabla ya hapo nilisoma chuo cha ufundi, VETA Chang'ombe, nikafanya kazi kiwandani Dar miaka sita. Majina ya viwanda sitaji, cha huku wala cha kule. Nina mkataba na nina mdomo, vyote viwili bado navihitaji.

Haya. Wengi mnaogopa roboti. Mimi roboti haijawahi kuninyima kazi hata siku moja. Kilichoninyima kazi miezi kumi na nne ni karatasi. Ofisi ya huku inayotambua vyeti vya wageni ilitaka cheti changu kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, unalipa kwa ukurasa. Nikatafsiri. Wakataka mtaala: umesoma umeme saa ngapi, uchomeleaji saa ngapi, kuchora saa ngapi. Nani alikuwa anahesabu? Nikamtuma mdogo wangu akafuatilie, akapanda daladala mara nne. Wakataka barua ya mwajiri wa zamani, ikatoka Dar, ikafika, ikarudishwa kwa sababu muhuri umefifia. Muhuri! Wino wa muhuri wa kwetu mnaujua wenyewe. Mwisho majibu yakaja kwamba ufundi wangu unatambulika kwa sehemu. Yaani mimi ni fundi nusu. Nikafanya kazi ya mazoezi kwa mshahara wa mazoezi ili nusu iliyobaki ipatikane.

Kilichonichoma roho ni kwamba kwenye kiwanda nilichokuwa nasubiri kuingia, mota ya pampu inapeleka taarifa zake kwenye kompyuta kila sekunde. Ofisi inayoamua kama nafaa kuigusa hiyo mota inataka bahasha yenye stempu. Siku moja nikaambiwa naweza kutuma kwa faksi. Faksi, ndugu zangu. Mara ya mwisho kuiona faksi ilikuwa stesheneri moja Temeke, juu yake wamepanga mandazi.

Mshahara siusemi wote, lakini ukisikia mtu kaandikiwa euro 3,400, usizidishe kwa shilingi ukaanza kunichorea ramani ya nyumba Kigamboni. Asiye na ndoa kama mimi, kodi na bima na pensheni vikishapita, kwenye akaunti inaingia elfu mbili mia mbili na ushee. Kodi ya nyumba hapo hapo. Halafu kila mwezi euro 18.36 ya redio na televisheni za umma, uwe na televisheni usiwe nayo. Mimi sina. Nimewaandikia sina. Wamenijibu kwa barua, nzuri tu, kwamba nalipa.

Turudi kiwandani. Hilo jina la mapinduzi ya nne ya viwanda mnalisikia kila siku kwenye hotuba, Wajerumani walilipeleka kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, basi, sitawachosha. Kwangu mimi maana yake ni kwamba kila mashine ina sensa, na hapa siyo ile ya kuhesabu watu ya Agosti 2022, hiki ni kidude kidogo kama kifuniko cha soda, kinagandishwa kwenye mgongo wa mota, kinasikiliza mtetemo na joto, kinapeleka habari kwenye skrini moja kubwa. Na mimi natembea na kishikwambi, kama vile walivyogawiwa walimu baada ya hiyo sensa nyingine. Kikilia, nakimbia.

Mwezi wangu wa tatu, zamu ya usiku, kikalia. Pampu namba nne, mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika, rangi ya njano: beringi ya nyuma, yaani ile bangili yenye gololi inayoshika mhimili, ina kasoro. Nikaenda. Nikaigusa kwa kiganja, joto la kawaida. Nikachomoa bisibisi ndefu, ncha nikaikita penye beringi, mpini nikauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio, kama alivyonifundisha fundi mzee wangu Dar. Nikafumba macho. Mvumo laini, kama feni ya msikitini saa saba mchana. Nikaandika: mota nzima, hakuna tatizo.

Asubuhi msimamizi akaniita. Akaniuliza kwa ule upole wao unaouma kuliko tusi: "Umejuaje?" Nikamwonyesha bisibisi. Hakucheka, afadhali angecheka. Jumamosi tukaifungua. Kwenye bangili ya nje ya beringi kulikuwa na kidonda, chembe imebanduka, ukubwa wa punje ya ufuta. Kila gololi ikipita pale inagonga, ila mshindo wenyewe ni mdogo na mwembamba mno, sikio haliupati. Sensa inaupata wiki nyingi kabla. Na kompyuta ikishajua beringi ina gololi ngapi na mota inazunguka kwa kasi gani, inapiga hesabu: kugonga mara kadhaa kwa sekunde ni bangili ya nje, mara kadhaa zaidi ni ya ndani. Nikakaa kimya. Sikio la miaka sita limeshindwa na kifuniko cha soda.

Ila ngojeni. Baada ya miezi kadhaa, mota nyingine, rangi nyekundu kabisa, skrini inasema badilisha mara moja, simamisha mstari wa uzalishaji. Nikaweka bisibisi: mvumo laini. Safari hii sikuandika chochote. Nikashika sensa yenyewe kwa vidole viwili. Inacheza, kama jino la maziwa. Gundi imeachia, kidude kinatetemeka chenyewe halafu kinaisingizia mota. Nikakigandisha upya, dakika kumi na tano, rangi ya kijani. Mota mpya ilikuwa tayari imeshawekwa kwenye oda, euro elfu moja mia nne. Mnajua ripoti iliandikwaje? "Hitilafu ya data imesahihishwa." Na kijana wa kompyuta, ambaye usiku ule alikuwa kwao amelala, ndiye aliyeshukuriwa kwenye barua pepe ya kitengo kizima. Ninayo mpaka leo.

Ndiyo maana nikisikia "roboti zimemaliza kazi" nakosa la kusema. Kuna mji unaitwa Amberg, saa moja hivi kutoka hapa, Siemens wana kiwanda pale tangu 1989 kinachotengeneza vile visanduku vya kuongozea mitambo. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mashine. Lakini wafanyakazi walibaki kama 1,200 hivi kwa miaka mingi huku uzalishaji ukipanda mara nyingi zaidi. Hawakufukuzwa, walibadilishiwa kazi. Upande wa pili kuna Ansbach, karibu zaidi. Adidas walifungua pale kiwanda cha viatu cha roboti, magazeti yote yakaandika kwamba viatu sasa vinarudi kushonwa Ulaya. Novemba 2019 kampuni ikatangaza inakifunga, pamoja na kingine cha Atlanta, Marekani, na hadi Aprili 2020 habari ikawa imekwisha, teknolojia ikahamishiwa kwa wazalishaji wao wa Asia. Kwa hiyo hata roboti huku hupunguzwa kazini. Na hazilipwi kiinua mgongo.

Kinachonisumbua mimi ni kile kishikwambi. Kinajua nimeitwa saa ngapi, nimefika saa ngapi, nimemaliza saa ngapi. Mwaka jana uongozi ukataka zile dakika zetu ziwekwe kwenye jedwali, jina kwa jina. Hapo nikawaheshimu Wajerumani. Sheria yao inasema mwajiri haweki mtambo unaoweza kufuatilia mwenendo au utendaji wa mfanyakazi mpaka akubaliane na baraza la wafanyakazi. Mama mmoja wa barazani, yuko kiwandani tangu mimi sijazaliwa, akaingia kwenye kikao na karatasi moja tu, akatoka, majina yakaondolewa. Karatasi hiyo niliipenda. Dar kamera yetu ilikuwa bosi mwenyewe, anakaa mlangoni na daftari.

Na msidhani Dar hakuna mambo haya. Vile visanduku vya Siemens mimi nilivikuta nyumbani kwanza, ndani ya kabati la umeme lililofungwa. Mashine ikigoma, nenosiri analo aliyetuuzia mashine, yuko ng'ambo. Tunapiga simu, kule ni usiku, tunasubiri. Siku mbili watu mia wamekaa juu ya maboksi kwa sababu ya herufi nane. Baadaye wakaunganisha intaneti, yule bwana akawa anaingia kwenye mashine yetu akiwa kwao, anabonyeza, inawaka. Tulipiga makofi. Leo nikikumbuka yale makofi najiuliza tulikuwa tunashangilia nini, maana anayeweza kukuwashia kutoka mbali anaweza pia kukuzimia. Hapa Ulaya wametunga sheria, imeanza kutumika 12 Septemba 2025, kwamba mwenye kutumia mashine iliyounganishwa ana haki ya kuzipata data zake. Kama unanunua mashine huko nyumbani, mambo ya nenosiri na data yaandikeni kwenye mkataba kabla hujalipa. Hilo nalisema bila kupepesa.

Mengine yote ni mimi na bahati yangu, msije kunilaumu. Ukiwa na ufundi uliosomea angalau miaka miwili na unatambulika na serikali ya kwenu, kuna ile kadi ya kutafutia kazi Ujerumani iliyoanza 1 Juni 2024, unatafuta pointi sita: lugha, umri, uzoefu na kadhalika. Lakini lazima uonyeshe pesa ya kujikimu. Mwaka 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, mwaka mzima ni 13,092, zaidi ya milioni thelathini za kwetu. Mwenye milioni thelathini mkononi, mimi simwambii aje wala asije. Pengine anunue bodaboda kadhaa, sijui, maisha yake hayo. Ukiamua kuja, jifunze Kijerumani kuliko unavyodhani inatosha, na ufundi wa umeme wa viwandani, kuprogramu vile visanduku. Mimi nimejifunzia hapa usiku, baada ya zamu, na bado nakosea. Na kabla hujapanda ndege, hakikisha mihuri yako inasomeka.

Aliyeandika "kaka rudi tu nyumbani, unajitesa": nimekusoma. Sijakasirika. Nilikasirika kidogo.

Nikomee hapo, jiungeni na chaneli. Fundi mzee wangu wa Dar kanitumia sauti WhatsApp tangu asubuhi, kaweka simu kwenye kompresa inayompa shida, anataka nisikilize nimwambie ni beringi au ni vali. Siku hizi sensa ni yeye, skrini ni mimi. Ngoja nikamsikilize kabla sijaingia zamu. Ni dakika nne, na namjua, dakika tatu za mwanzo ni salamu.