Uwanda, Bamvua na Mwani: Uchumi wa Mashariki ya Unguja

Asalamu aleikum, ndugu wasikilizaji.

Magharibi ya Unguja kuna ardhi yenye kina, ya karafuu na minazi. Mashariki ni uwanda: jiwe la matumbawe, na udongo wa kujaza mashimo tu. Muhogo na mtama hutoka humo kwa tabu. Shamba la uhakika liko mbele ya nyumba, kwenye maji mafupi kati ya ufukwe na mwamba unaovunja mawimbi.

Hapo, Paje na Jambiani, ndipo mwani wa biashara ulipoanza kulimwa mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino. Vijiti viwili, kamba ya nailoni ya mita 4 au 5, na taitai za kufungia mbegu kila sentimita 15 hadi 20. Kipande cha gramu 100 kinatosha. Ukikaza fundo, tawi hukatika linaponenepa. Ukililegeza mno, mkondo unalibeba.

Kalenda ya shamba hili ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana kuelekea saa nne na saa tano asubuhi; ndipo watu hufunga, husafisha na huvuna. Maji mafu yakiingia, yaani siku maji yasipopwa sana, kazi inasimama. Mwani unataka wiki 6, yaani bamvua tatu. Anayebanwa na shida huvuna mapema, na mwani mchanga hauna ute wa kutosha, ilhali ute ndio unaonunuliwa na viwanda.

Mwani wa aina ya kotonii una bei kuliko wa aina ya spinosamu, lakini kaskazi, upepo wa msimu wa joto, haiuachi: bahari inapata joto, matawi yanageuka meupe na kukatika. Samaki aina ya tasi nao hula machipukizi. Dawa ni kuihamishia kotonii maji ya kina, kwenye kamba za kuelea. Wakulima wengi ni wanawake, na kazi hiyo inataka mashua na kujua kuogelea. Kuwaambia “limeni kotonii” bila hivyo viwili ni porojo.

Kilo 7 hadi 10 mbichi hutoa kilo 1 kavu. Anikeni kwenye chanja, si mchangani, siku 2 au 3 za jua, mkigeuza. Turubai liwe karibu: mwani uliokwisha kukauka ukinyeshewa, hupauka na ute hupungua, na mnunuzi huukataa papo hapo.