Mguu Unaokuja: Chembe na Wimbi la Nyota ya Mwaka 1006

Ndugu zangu, naomba tuanzie Misri. Mwaka 1006 tabibu Ali ibn Ridwan, wakati huo bado kijana, aliona angani nyota ngeni, akaandika kuwa ukubwa wake ulikuwa mara mbili na nusu hadi tatu ya Zuhura. Ilikuwa nyota iliyolipuka. Mabaki yake yangali yanatanuka, yakisukuma wimbi la mshtuko, na hapo ndipo protoni na elektroni, zile chembe ndogo zinazounda atomu, hupewa kasi inayokaribia ya mwanga.

Zinaipataje? Msidhani ni kwa kishindo kimoja. Ni kidogo kidogo. Mpira ukikutana na mguu unaokuja hurudi kwa kasi zaidi. Ukikutana na mguu unaorudi nyuma, hutulia. Kule angani gesi ni nyembamba mno, chembe hazigongani. Kinachozigeuza ni uga wa sumaku uliojikunjakunja ndani ya gesi. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo penye uzuri wote: ukiwa mbele ya wimbi, utaona gesi ya nyuma inakujia. Vuka, tulia na gesi ya huko nyuma, utaona ya mbele nayo inakujia! Popote chembe inapovukia, inapokewa na mguu unaokuja.

Tuchukue wimbi lenye kasi ya kilomita 5,000 kwa sekunde. Chembe ikivuka na kurudi, nishati yake huongezeka kwa wastani wa asilimia 1.7 hivi. Baada ya mizunguko 42, imekuwa maradufu. Lakini katika kila mzunguko, asilimia kama hiyohiyo ya chembe husombwa nyuma zisirudi tena. Kwa hiyo nishati ikiongezeka maradufu, zilizobaki ni nusu. Ikiongezeka mara kumi, imebaki moja katika kumi. Makundi manne ya watafiti yalifikia hesabu hii, kila moja kivyake, mwaka 1977 na 1978. Mimi kila nikiirudia hustaajabu jinsi ilivyo nyepesi.

Ushahidi? Mwaka 1995 satelaiti ya Japani, ASCA, ilionyesha eksirei kwenye kingo za mabaki ya nyota ileile ya Ibn Ridwan. Zinazozitoa ni elektroni zenye nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) trilioni 100 hivi. Kisha darubini za H.E.S.S., zilizoko Namibia, bara letu hilihili, zikanasa miale ya gama, yenye nishati kubwa kuliko eksirei, kutoka kingo mbili, kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, palepale eksirei zilipong'aa.