Mwanafunzi wa Kwenda na Kurudi, na Mwanafunzi Mtu Mzima: Kazi Yetu Sisi Watumishi wa Chuo

Ndugu wahadhiri, wakutubi, maofisa wa usajili na wa fedha, na ninyi mnaokaa dirishani kupokea fomu, asanteni kwa kuja.

Leo tunawazungumzia wanafunzi wa aina mbili, ambao mara nyingi huwa mtu mmoja. Wa kwanza halali bwenini. Anatoka kwao Mbagala, Chanika, Bunju au Kibaha na kuja hapa chuoni Mlimani kila siku ya kipindi. Wa pili ni mtu mzima: mwalimu, muuguzi, karani wa benki, mama wa watoto watatu aliyerudi shule baada ya miaka mingi kazini. Wote wana akili na wana bidii. Wanachokosa ni saa. Chuo kimepangwa kana kwamba kila mwanafunzi analala dakika kumi kutoka darasani na hakuna anayemtegemea nyumbani. Mateso yao mengi yanatoka hapo, wala si kwenye ugumu wa masomo.

Nchi yetu ina historia ndefu na jambo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wapitie kazini kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria kikaundwa kwa sheria ya 1992. Katika hayo, Azimio la Musoma lina somo tusilopaswa kulisahau: wasichana walipotakiwa kusubiri, idadi yao ilishuka, na baada ya muda mfupi ikabidi wafunguliwe tena njia ya kuingia moja kwa moja. Utaratibu usiotazama mzigo wa nyumbani huwaacha wanawake nje hata kama hakuna aliyekusudia.

Tuanze na ratiba, maana ndiyo inayoumiza zaidi.

Mchukueni mwanafunzi wa Chanika mwenye kipindi saa 2 asubuhi na kingine saa 10 jioni. Anaamka usiku, anarudi usiku, na katikati ana saa sita za kukaa kwenye kimbweta, yaani benchi la nje la kujisomea, akiwa na njaa. Siku nyingine ana semina moja tu ya saa moja, na kuifuata semina hiyo kunamgharimu saa nne au tano za daladala. Baada ya wiki chache anaiacha, nasi tunamwandika mtoro.

Dawa iko mikononi mwa ofisa ratiba. Kabla ya kutoa rasimu, achukue kila programu, mwaka kwa mwaka, ahesabu vitu viwili: siku zenye kipindi kimoja pekee, na mapengo yanayozidi saa tatu. Kisha ahamishe semina kwanza, kwa sababu zina makundi mengi na vyumba vidogo. Mihadhara ya kumbi kubwa iguswe mwisho. Mara nyingi hilo linatosha kuzibana siku tano zilizotawanyika ziwe nne zilizojaa. Na siku ya kujiandikisha makundi ya semina, wanaotoka mbali na wanaofanya kazi wachague kwanza. Aliye bwenini, iwe saa 4 au saa 8, kwake ni mamoja.

Testi nazo zina lake. Madarasa ni makubwa na kumbi ni chache, kwa hiyo tunazipeleka Jumamosi au jioni. Hilo linavumilika, ila tarehe zote zitangazwe kufikia wiki ya pili ya muhula. Muuguzi anapaswa kuomba kubadilishiwa zamu kabla orodha ya mwezi haijapangwa. Ukimwambia siku tatu kabla, umeshamchelewesha. Tarehe ikishatangazwa isiguswe. Darasa likiomba testi isogezwe mbele wiki moja, kukubali huonekana huruma. Kwa aliyekwisha kubadilishana zamu na mwenzake, ni adhabu.

Tangazo la kuahirisha kipindi ni kitu kidogo chenye madhara makubwa. Ujumbe wa «Leo hakuna kipindi» ukiingia WhatsApp saa 1:40 asubuhi, mwanafunzi wa Kibaha ameshafika Kimara anagombea basi la mwendokasi, na nauli imekwenda. Andikeni hivi, kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia: «Kipindi cha takwimu cha kesho Alhamisi saa 2 asubuhi hakipo. Kitafidiwa Alhamisi ijayo saa 4 asubuhi, ukumbi uleule. Semina ya kesho saa 5 ipo kama kawaida.» Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo anayoihitaji kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomwambia aje au abaki. Ujumbe huo utoke kwa mhadhiri mwenyewe kwenye njia moja inayojulikana. CR, yaani kiongozi wa darasa, asaidie kuusambaza, asiwe ndiye chanzo.

Sasa ofisi. Kazi za serikali zinaisha saa 9:30 alasiri, na madirisha yetu mengi yanafungwa wakati huohuo au kabla. Mwanafunzi wa jioni anayefika saa 11 hajawahi kulikuta dirisha wazi tangu adahiliwe. Siku mbili kwa wiki dirisha lifike saa 1 usiku, na ofisa wa zamu hiyo aingie kazini saa 5 asubuhi, hivyo malipo ya muda wa ziada hayahitajiki. Ukutani ibandikwe karatasi ya kila huduma: nyaraka gani, nakala ngapi, nani anatia saini, na nani anatia saini kwa niaba yake akisafiri. Hapo pa mwisho ndipo mambo mengi hukwama. «Mhusika katoka, njoo kesho» ni jibu linalomgharimu mtu mshahara wa siku nzima. Pokea fomu, mpe risiti yenye namba, mpigie ikikamilika.

Kuhusu vitini, kumbukeni anasoma kwa simu na bando lake. Kitini kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa huwa kizito mno. Kilichochapwa na kuhifadhiwa PDF huwa chepesi mara nyingi zaidi, na anaweza kutafuta neno ndani yake. Ukirekodi mhadhara, toa na sauti peke yake: saa moja kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni takriban megabaiti 14, na huisikiliza ndani ya daladala bila kutoa macho.

Kazi za makundi ziundwe na mhadhiri, kwa mtaa au kwa muda mtu anaopatikana, watu wanne au watano. Kundi la watu kumi hukutana saa 3 usiku kimbwetani, wa mbali hawafiki, majina yao yanakatwa. Ukurasa wa kwanza wa kazi uoneshe nani aliandika sehemu ipi. Aliyeandika utangulizi akiwa kwake Bunju ameshiriki sawa na mwingine.

Darasani, heshima ina sura yake. Mkufunzi msaidizi wa miaka 26 akikutana na mwanafunzi wa miaka 48, aanze yeye kumwamkia shikamoo, amwite mama fulani au mzee fulani kama anavyoitwa na wenzake, kisha asahihishe kazi yake kwa kipimo kilekile cha wote. Kumpa alama za kumwonea haya ni kumdharau. Wengi wao wanajua kazi kwa mikono kuliko sisi, lakini Kiingereza cha kuandika kimelala miaka mingi. Wiki ya kwanza mpe aya moja aandike, haina alama, uone kinachokwama: sarufi, mpangilio wa hoja, au kunukuu vyanzo. Kila kimoja kina tiba yake, na mkutubi anaweza kumaliza hilo la kunukuu kwa vikao viwili. Kwenye semina waacheni wajadili kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike kwa Kiingereza. Hoja huja imeiva.

Limebaki suala la ada na la wanaopotea. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa miaka 35 na kutaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira, kwa hiyo mtu mzima wetu hujilipia, kwa awamu, kutoka kwenye mshahara. Tarehe ya mwisho ya kulipa ikiwekwa katikati ya mwezi, tutamnyima namba ya mtihani mtu ambaye angelipa wiki mbili baadaye bila shida. Wekeni tarehe 5, mshahara ukiwa umeshatoka.

Mama aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 kisheria, yaani wiki 12. Muhula wa wiki 15 ukimkuta hapo, na chuo kikidai mahudhurio ya asilimia 75, hesabu haifungi. Aambiwe mapema kuhusu kuahirisha masomo. Wengi hawaijui fomu hiyo. Huacha tu kuja, na kwenye mfumo husomeka kama waliotoroka. Kurudi baada ya hapo ni safari ya barua na vikao.

Kwa hiyo wiki ya nne kila idara itoe orodha ya ambao hawajafanya testi ya kwanza wala kuwasilisha kazi yoyote, na mtu mmoja aliyeteuliwa awapigie. Apige saa 7 mchana au baada ya saa 2 usiku, maana asubuhi mwanafunzi ambaye ni mwalimu yuko mbele ya darasa lake. Asianze na «mbona huonekani». Ajitambulishe, amsalimie ipasavyo, kisha aulize: unataka kuendelea na muhula huu? Wiki hii kinachokukwamisha ni nini? Ukiahirisha, unakusudia kurudi lini? Majibu yaingie kwenye jalada lake siku hiyohiyo, ili ofisa atakayempokea wiki ijayo asimwanzishe upya.