Mlango wa Timu za Mtaani: Kombe la Wazi la Marekani
(Mazungumzo na vijana wa timu yetu, Columbus, Ohio)

Asanteni. Kaeni, kaeni. Wale mliosimama nyuma, viti vipo huku mbele.

Jumapili iliyopita nilipita uwanjani mkicheza. Neti ya goli moja imefungwa kwa kamba za viatu. Kipa wenu kaingia dakika ya ishirini, macho mekundu, katoka shifti ya usiku. Sikuja kuwasema. Nimekuja kuwaambia kwamba kwa mujibu wa kanuni, timu kama ile inaweza siku moja kupangiwa Columbus Crew, timu kubwa ya kulipwa ya mji huu.

Mnacheka. Haya, chekeni kwanza.

Kwetu tumezoea kupanda na kushuka daraja. Timu ya mchangani inaanzia wilayani, inakwenda mkoani, ikijaliwa inafika Ligi Kuu. Marekani hakuna njia hiyo ya kufika juu kabisa. Nafasi ya MLS, ligi ya juu kabisa ya soka huku, inanunuliwa, tena kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mkishinda kila mechi miaka kumi, bado hamtaingia humo. Mlango pekee wa mdogo kumfikia mkubwa ni Kombe la Wazi, U.S. Open Cup. Ni mtoano: ukifungwa, unafungasha virago.

Lilianza msimu wa 1913–14. Kikombe kilitolewa na Thomas Dewar, Mskoti mfanyabiashara wa wiski (Sheikh, nisamehe, historia ndiyo hiyo), na Brooklyn Field Club wakawafunga jirani zao Brooklyn Celtic 2-1. Ukiipitia orodha ya mabingwa waliofuata utadhani unasoma daftari la uhamiaji. Bethlehem Steel, timu ya kiwanda cha chuma iliyowategemea sana Waskoti, makombe 5. Ukrainian Nationals wa Philadelphia, 4. Wagiriki wa New York, Greek American, mara tatu mfululizo, 1967 hadi 1969. Maccabi wa Los Angeles, 5. Watu waliofika na lafudhi zao, kama sisi, wakatafuta kazi, wakatafuta pa kuswalia au kusali, kisha wakatafuta mpira.

Timu za MLS zilipoingia mwaka 1996, wengi walidhani wadogo wamekwisha. Mwaka 1999 Rochester Rhinos, wa daraja la chini, wakaing'oa Chicago Fire, wakaing'oa Dallas Burn, wakaing'oa Crew, na fainali wakaichapa Colorado Rapids 2-0. Wapi? Hapahapa Columbus. Tangu siku ile hakuna timu ya nje ya MLS iliyolichukua tena. Sacramento Republic walifika fainali mwaka 2022, Orlando City wakawapiga 3-0.

Lakini mimi napenda zaidi habari ya Christos FC, ya mwaka 2017. Timu ya ridhaa ya eneo la Baltimore, yenye jina la duka la vileo lililoidhamini. Ndiyo, vileo tena. Wachezaji walikuwa na kazi zao, na mazoezi walikuwa hawafanyi kabisa. Walikuwa wanakutana kwenye mechi. Wakapita mchujo, wakawatoa Richmond Kickers, timu ya kulipwa, mpaka wakapangiwa D.C. United wa MLS. Mamadou Kansaye akafunga bao la kwanza. Christos wanaongoza! United wakasawazisha, na ikabaki 1-1 mpaka dakika za lala salama, pumzi ilipowaishia Christos. Ikawa 4-1 kwa United. Mazoezi, vijana. Mazoezi.

Wakubwa hawalipendi sana kombe hili. Desemba 2023 MLS ilitaka kupeleka vikosi vya akiba badala ya timu zake za kwanza. Shirikisho la soka la Marekani likakataa, wakavutana, na mwaka 2024 zikaingia timu 8 tu za kwanza. Mimi nawaona waoga, ingawa ratiba yao kweli imebana.

Sasa, nani ana orodha ya wachezaji waliosajiliwa? Mchujo wa timu za ridhaa huchezwa mwaka unaotangulia mashindano, na asiye na ligi inayotambuliwa na shirikisho hapokewi. Katibu, lete lile faili.