"Amelala" si "He has slept"

Habari zenu wapendwa wa nyumbani, hasa nyie mnaojiandaa kuja huku Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee. Leo ni -me- tu. Ndiyo inayowasumbua wenzetu wengi hapa Leicester, hata waliofaulu vizuri Kiingereza shuleni.

Darasani tuliambiwa -li- ni wakati uliopita, -me- ni "have". Ni kweli, ila ni nusu ya habari. "Nimeosha vyombo": "I have washed the dishes." "Nimepoteza ufunguo": "I have lost the key." Hapo hakuna shida.

Sasa chukua "Mzee amelala". Mnakabidhiana zamu, unamwambia nesi "He has slept". Yeye ataelewa kwamba mzee alipata usingizi, na pengine sasa yuko macho. Anakwenda na vidonge vyake, anamkuta anakoroma! Ulitakiwa kusema "He is asleep".

Sisi -me- tunaitumia pia kueleza hali ya mtu sasa hivi, na hapo Kiingereza mara nyingi kinataka "am", "is" au "are". Amekaa: "She is sitting." Amesimama: "She is standing." Amevaa sweta: "She is wearing a sweater." Nimechoka: "I am tired." Nimechelewa: "I am late." Kuna na "nimeelewa", hiyo ni "I understand" basi, usiiongezee kitu. Kabla hujafungua mdomo jiulize: nasimulia kitendo kilichokwisha, au naeleza hali iliyopo?

Halafu, ukishataja jana, juzi au mwaka 2019, "have" iache. Usiseme "I have seen her yesterday". Sema "I saw her yesterday". Nawe kwa Kiswahili fasaha ungesema "nilimwona jana", kwa hiyo lisikutishe hilo.

Mlioko Marekani mtasikia sana "I just ate", huku Waingereza wengi wanasema "I've just eaten". Fuata wanavyosema mnakoishi.

Ile "s" ya "he" na "she" ina video yake wiki ijayo. Kwa leo tafsirini hizi: Bibi amekasirika. Mtoto amelala. Basi limeondoka. Moja tu inadai "have". Niandikieni hapo chini ni ipi na kwa nini, nitawasahihisha mmoja mmoja.