Thamani Imepotelea Wapi? Kusaka Hitilafu Kwenye Gridi Zinazoharirika

Habari za jioni, na karibuni. Tuchukue gridi moja ya kufanyia kazi, yaani jedwali la kwenye ukurasa wa wavuti ambalo seli zake huhaririwa palepale: orodha ya bidhaa za duka la jumla pale Kariakoo. Kuna jina, bei, idadi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kisanduku cha tiki cha "inauzwa". Mhasibu anafuta 12,000, anaandika 13,500, anabonyeza Hifadhi. Ukurasa unajipakia upya. Bei ni 12,000 ileile.

Hapo ndipo ramli huanza. Mmoja atasema mtandao, mwingine kache (nakala ya zamani iliyotunzwa na kivinjari), wa tatu atabadili msimbo sehemu tano kwa mkupuo na kuzaa hitilafu ya pili. Rai yangu ni moja: usiguse msimbo kabla hujajua thamani imepotelea kati ya kituo gani na kituo gani. Inatoka kwenye seli, inaingia kwenye modeli, yaani nakala ya data iliyo ndani ya kumbukumbu ya kivinjari, inapakiwa kwenye ombi, inashuka kwenye seva, inaandikwa kwenye hifadhidata, kisha inarudi. Abiria aliyeshuka Magomeni hatafutwi Posta.

Bonyeza F12 upate zana za msanidi za kivinjari, fungua kichupo cha Network kinachoonyesha maombi yanayokwenda kwenye seva, weka tiki kwenye Preserve log ili ukurasa ukijipakia kumbukumbu zisifutike, kisha rudia kosa lenyewe. Soma mwili wa ombi, yaani data iliyotumwa. Ukiona 13500, kivinjari hakina hatia, nenda kwenye seva. Ukiona 12000, au usipoona kitu, seva iache ilivyo. Ni kazi ya nusu dakika, na inakuondolea nusu ya washukiwa.

Kwenye seva, andika mambo mawili kwenye logi (daftari la matukio la seva): thamani iliyopokelewa, na idadi ya mistari ambayo amri ya UPDATE, ile inayobadilisha data kwenye hifadhidata, imeigusa. Ikiwa sifuri, mara nyingi sharti la WHERE, linalochagua mstari wa kubadilisha, halikupata mstari, yaani kitambulisho kimekuja kitupu au si chenyewe. Anayetumia hifadhidata ya MySQL ajihadhari: kwa kawaida yake huhesabu mistari iliyobadilika tu, hivyo ukiandika thamani ileile iliyokuwepo utapata sifuri pia, bila kosa lolote.

Turudi kwenye kivinjari, maana huko ndiko kwenye mambo. Kosa la kwanza ni la seli ya mwisho. Tukio la input hutokea kila herufi inapoandikwa, lakini change husubiri mtu atoke kwenye kisanduku. Gridi nyingi nazo huweka maandishi pembeni mpaka mhariri afunge seli kwa Enter au Tab. Ukimwekea mhasibu njia ya mkato ya Ctrl+S, hatoki kwenye seli, kwa hiyo seli zote zitahifadhiwa isipokuwa ile anayoiandika. Ita kwanza amri ya gridi ya kufunga uhariri, ndipo ukusanye data.

La pili ni utambulisho wa mstari. Mstari wa 3 kwenye skrini si lazima uwe wa 3 kwenye orodha. Panga kwa bei au chuja kidogo, namba zimeshahama. Kwenye React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, ukiweka nafasi ya mstari kuwa key (alama ya kuutambua mstari) kisha ukafuta mstari wa juu, maandishi ya visanduku visivyounganishwa na hali ya programu (data inayoshikwa na React) yatabaki palepale, na bei ya sukari itakaa kwenye unga. Tumia kitambulisho cha bidhaa. Mstari mpya ambao bado hauna kitambulisho upe cha muda, na seva irudishe kile halisi baada ya kuhifadhi. Isiporudisha, Hifadhi ya pili itaingiza bidhaa upya, na duka litakuwa na "Sukari kilo 50" mbili. Wanaotengeneza cha muda kwa amri ya JavaScript ya crypto.randomUUID() wajue kuwa inapatikana kwenye https au localhost (kompyuta yako mwenyewe) tu. Ukifungua mfumo wa ofisini kwa http na anwani ya IP, haipo.

Sasa aina za thamani. Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo data huharibika kimyakimya. Kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi, hata kikionekana namba. Jumlisha "12000" na "500" utapata 12000500. Wengi hukimbilia parseInt, amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba nzima, nayo ikikutana na "12,000" husoma mpaka kwenye mkato na kukupa 12. Bidhaa ya elfu kumi na mbili inauzwa shilingi kumi na mbili. Number("12,000") hukataa na kutoa NaN ("si namba"), ambayo ikigeuzwa JSON, muundo wa maandishi wa kutumia data, inakuwa null (tupu), na bei inafutika kabisa. Kisanduku cha type="number" nacho kikishindwa kuelewa kilichoandikwa hurudisha maandishi matupu, na Number ya maandishi matupu ni 0. Dawa: mikato iwe ya kuonyesha tu. Modeli ishike 12000, mhariri anapofungua seli aone 12000, na ukaguzi ufanyike kabla ya kugeuza, si baada.

Kisha kuna vitu vyenye sura ya namba ambavyo si namba. Simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, wakati JavaScript inahifadhi namba nzima kwa uhakika mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, tarakimu 16. Ukiituma kama namba, tarakimu za mwisho zitabadilika bila onyo. Visivyojumlishwa wala kutolewa viwe maandishi, kuanzia hifadhidata mpaka kwenye seli.

Tarehe zina ujanja wake kwa sisi tulio saa 3 mbele ya UTC, saa ya marejeo ya kimataifa. Maandishi "2025-03-05" JavaScript huyachukua kuwa usiku wa manane wa UTC, yaani saa tisa usiku Dar, tarehe ileile, na gridi inaonekana salama. Lakini mtu akichagua tarehe kwenye kalenda, nyingi hutoa usiku wa manane wa hapa. JSON.stringify, inayogeuza data kuwa JSON ya kutuma, huipeleka kwenye UTC, inakuwa tarehe 4 saa 21:00, na safu ya DATE kwenye hifadhidata inabaki na 4. Kila mstari unapohaririwa, siku moja inarudi nyuma. Tuma maandishi ya mwaka-mwezi-siku bila saa, basi. Na "05/03/2025" usiipe new Date ya JavaScript: vivinjari huisoma Kimarekani, Mei 3. Kuanzia tarehe 13 itakataa, ndiyo maana hitilafu hii huonekana "kuanzia katikati ya mwezi tu".

Wanaotuma kwa fomu ya kawaida: kisanduku chenye disabled hakitumwi, cha readonly kinatumwa. Tiki isiyowekwa haitumwi kabisa, kwa hiyo ukitumia inauzwa[] kwenye PHP, lugha ya upande wa seva, orodha inakuwa fupi na tiki za chini zinapanda juu. Andika inauzwa[417], namba ikiwa kitambulisho, na utangulize sehemu iliyofichwa yenye 0 kwa jina hilohilo. Na kama mistari ya juu inahifadhiwa lakini ya chini haibadiliki, tazama max_input_vars, kikomo cha PHP cha idadi ya sehemu inazopokea: kwa kawaida ni 1000. Mistari 200 yenye sehemu 6 ni 1,200, zilizozidi hukatwa. Afadhali utume mistari iliyobadilika tu.

Kwa walio bado na GridView, gridi ya ASP.NET ya Microsoft: Page_Load (ukurasa unapopakiwa) hutangulia RowUpdating (mstari unapohifadhiwa). Ukiita DataBind, ya kujaza gridi data, humo bila kuuliza IsPostBack (kama ukurasa umetumwa na fomu yake yenyewe), unajaza thamani za zamani juu ya mpya. Na Eval huonyesha tu. Inayorudisha ni Bind.

Mwisho, wahariri wawili wanaobadili mstari uleule kwa wakati mmoja. Weka safu ya toleo, itume pamoja na mstari, na UPDATE iongeze toleo na iwe na sharti la kitambulisho na toleo la zamani. Ikigusa mistari sifuri, rudisha 409, msimbo wa HTTP wa mgongano, na gridi imwonyeshe mhasibu thamani zote mbili, ya kwake na ya mwenzake, bila kufuta alichoandika. Haya, maswali.